Je, Wajua? Herufi Sita za Shelui

Je, wajua kwamba upo mji mdogo ambao Watanzania wengi wamelisikia jina lake bila kujua uko wapi, kwa sababu kila linapotajwa limefungwa kamba na jina la mji mwingine? Ni Shelui, wilayani Iramba, mkoani Singida. Katika taarifa za ujenzi wa barabara ulitajwa kwa miaka mingi hivi: Singida–Shelui, takriban kilomita 110, Shelui–Nzega, karibu kilomita hizo hizo. Jina likawa la kufungia mradi mmoja na kufungulia mwingine.

Lakini wapo watu waliozaliwa hapo, wakasoma hapo, wakazika wazee wao hapo. Kwao Shelui ni nyumbani. Ndiyo maana safu ya leo, inayohusu majina ya mkato, majina ya utani na majina ya kubandikwa ambayo miji yetu inayabeba, inaanzia kwao.

Je, wajua kwamba dereva wa lori akiwa njia hii huwaza Sekenke kabla ya kuwaza Shelui? Sekenke ni mteremko ambao barabara kuu ya T3 inaushuka kutoka uwanda wa juu wa Iramba kuelekea mbuga ya Wembere na Igunga. Mlima unamtia hofu, na jambo linalomtia mtu hofu ndilo linalokaa mdomoni. Kwa hiyo Shelui yote, pamoja na watu wake, ikajikuta inaelezwa kwa jina la mlima wa jirani: "kule Sekenke". Wenyeji hawaukatai mlima wao. Wanachouliza ni kwa nini mlima utajwe na mji usahauliwe.

Je, wajua kwamba Sekenke ndipo Wajerumani walipofungua mgodi wa kwanza wa dhahabu katika nchi hii, mwaka 1909? Kabla ya Geita kuwa Geita, dhahabu ilitoka Iramba.

Na je, wajua sifa ya dhahabu hiyo ilikwenda wapi? Mwaka 1916, Vita Kuu ya Kwanza ikiwa imewabana na meli za nyumbani kwao hazifiki, Wajerumani waligonga sarafu za dhahabu za rupia 15 mjini Tabora, kwenye karakana ya reli. Upande mmoja tembo, upande wa pili tai wa dola yao. Zilitengenezwa zaidi ya 16,000. Dhahabu ilikuwa ya Sekenke. Hata hivyo wakusanyaji wa sarafu duniani kote, ambao leo huzinunua kwa bei kubwa, wanaziita kwa jina la Tabora. Aliyegonga muhuri akapata jina, aliyetoa dhahabu hakupata hata herufi moja. Mimi naona huo ni wizi wa heshima, hata kama hakuna aliyekusudia.

Je, wajua kwamba ramani ya serikali inaandika Iramba, lakini ukimsikiliza mzee akitamka kwa lugha yake mwenyewe utasikia Ilamba, na lugha yenyewe Kinilamba? Herufi moja tu, r au l. Mgeni ataona ni jambo dogo. Kwa mwenyeji, hiyo herufi ndiyo inayoonyesha nani alishika kalamu siku jina lilipoandikwa.

Wataalamu wa lugha duniani wanazipa lugha zote alama ya herufi tatu. Kinilamba ni "nim". Kinyaturu, lugha ya majirani zao wa upande wa Singida mjini, ni "rim". Kwa nini "rim" na jina ni Kinyaturu? Kwa sababu wenyewe wanajiita Warimi. Wanyaturu ni jina lililoenea kwa watu wa nje, likaingia kwenye vitabu na vitambulisho, na leo hata wao wanalitumia wakiwa ugenini. Alama ya herufi tatu imelihifadhi jina la ndani ambalo ofisi nyingi zimelisahau. Mara moja moja kifupisho kinamtendea mtu haki.

Je, wajua kwamba katika mkoa huo huo wa Singida, wilayani Ikungi, kuna mahali panaitwa Puma? Hapakupewa jina hilo na kiatu wala na kituo cha mafuta.

Je, wajua kwamba wilaya ya Iramba ina kata inayoitwa Old Kiomboi? Neno la Kiingereza limekaa kwenye jina rasmi, likapigiwa mihuri na kura. Kiomboi ya zamani na Kiomboi makao makuu zilihitaji kutofautishwa, na aliyetofautisha alitumia lugha ya ofisi ya siku zile. Tungeweza kusema Kiomboi Kuukuu, au Kiomboi ya Kale. Bado tunaweza.

Kijerumani nacho kimeacha alama yake. Katika eneo hilo hilo la dhahabu la Iramba kuna machimbo yaitwayo Kirondatal. Sehemu ya kwanza, Kironda, ina sauti ya hapa hapa. Sehemu ya mwisho, "tal", kwa Kijerumani ni bonde. Je, wajua kwamba neno hilo hilo lilikuwa mkiani mwa jina la kikoloni la Lushoto? Lushoto iliitwa Wilhelmstal, bonde la Wilhelm, kwa heshima ya mfalme wao. Tukuyu iliitwa Neu-Langenburg. Kasanga, kule kwenye Ziwa Tanganyika, iliitwa Bismarckburg. Liuli, kwenye Ziwa Nyasa, iliitwa Sphinxhafen, kwa sababu mwamba wake wa ziwani uliwakumbusha sanamu ya Misri. Yote yamekwenda na wenyewe. Lakini "tal" ya Iramba imebaki, kwa kuwa hakuna aliyeitambua kuwa ni ya mgeni. Watu wameitamka mpaka imekuwa yao.



Sasa simama kando ya barabara pale Shelui, uyatazame malori yanayotoka bandarini Dar es Salaam. Je, wajua kwamba alama ya kimataifa ya magari ya Tanzania ni EAT, na kwamba T hiyo ya mwisho iliwekwa wakati nchi ikiitwa Tanganyika? EA ni Afrika Mashariki kwa Kiingereza. Kenya ni EAK, Uganda ni EAU, Zanzibar ilipewa EAZ. Burundi, ambayo malori yake yanaitumia barabara hii, alama yake ni RU. Hutaipata herufi R katika jina Burundi mpaka ufike katikati. RU ni Ruanda-Urundi, nchi moja ya kikoloni iliyogawanyika mwaka 1962. Nchi ilizaliwa upya, alama ikabaki na jina la zamani. Rwanda ilichukua RWA.

Na dereva huyo wa Burundi ukimuuliza anakwenda wapi, hatasema Bujumbura. Atasema Buja. Jina hilo ni la mapenzi, limekatwa na wenyeji wenyewe, na ukilitamka mbele yao wanakuona mtu wa karibu. Wa Lubumbashi naye atakwambia Lushi, na ukutani au kwenye simu ataandika L'shi. Mji huo Wabelgiji waliuita Élisabethville, na ulirudishiwa jina la kienyeji mwaka 1966, mwaka ule ule ambao Léopoldville iligeuka Kinshasa na Stanleyville ikawa Kisangani. Watu waliopewa majina marefu ya wafalme na wapelelezi wasiowajua hawakuyakata kwa uvivu walipopata ya kwao. Waliyakata kama mama anavyolikata jina la mtoto wake.

Kinshasa ina majina mawili ya mkato, na hayo mawili yanatufundisha kitu. Moja ni Kin la Belle, yaani Kin mrembo. Lingine limetengenezwa kwa kina kile kile, likaigeuza Kin kuwa jaa la taka. Mkaaji wa Kinshasa analisema hilo la pili akiwa na hasira na halmashauri yake. Akilisema mgeni, mazungumzo yamekwisha.

Kanuni hiyo inafanya kazi kila mahali. Nairobi, ambayo jina lake linatokana na maneno ya Kimaasai yanayohusu maji baridi, wazee waliiita shamba la mawe. Vijana wanaiita Nai, na siku hizi Kanairo. Yote hayo yana joto la nyumbani. Lakini kulikuwa na lile jina la Kiingereza lililochanganya Nairobi na neno la unyang'anyi, na kwa miaka mingi liliandikwa magazetini hadi nje ya nchi kana kwamba wakazi wote wa mji ule ni wezi au wahanga wao. Ndani ya Nairobi kwenyewe, mtaa wa Eastleigh wenyeji wanautamka Islii. Wageni wakaubandika jina la Mogadishu Ndogo, na waliolisikia kwa uchungu ni vijana waliozaliwa pale, wenye vitambulisho vya Kenya, ambao Mogadishu hawajawahi kuiona.

Je, wajua kwamba Eldoret ina jina la utani ambalo ni namba? Mji ulianzia kwenye shamba la walowezi namba 64. Hata ulipoitwa Eldoret mwaka 1912, watu waliendelea kusema namba kwa Kiingereza, ulimi wa wenyeji ukaizungusha, ikawa Sisibo. Mwaka 2024 Eldoret ilipandishwa kuwa jiji, na Sisibo haikwenda popote.

Mombasa nayo ni 001. Ndiyo namba yake katika orodha ya kaunti 47 za Kenya, na Nairobi ni ya 47. Kijana wa Mombasa anaivaa 001 kwenye fulana kwa fahari, lakini mzee wa Mji wa Kale atakwambia kisiwa kina jina zuri zaidi kuliko hizo tarakimu: Mvita.

Kisumu iliwahi kuitwa Port Florence, kwa jina la mke wa mhandisi wa reli, mwaka 1901. Hutamsikia mtu akilitumia.

Turudi kwetu. Je, wajua kwamba tunapoikata Dar es Salaam tunakata upande usiofaa? "Dar" kwa Kiarabu ni nyumba, makao. "Salaam" ndiyo amani. Sultani Majid bin Said wa Zanzibar ndiye aliyeupa mji jina hilo katika miaka ya 1860, kando ya kijiji kilichoitwa Mzizima. Sisi tukasema "Dar" na kuiacha amani nje. Katika tiketi ya ndege ni DAR, kwenye barua za ofisi ni DSM, mdomoni ni Daslamu. Katika yote hayo, mimi nalipenda Daslamu, kwa sababu limebaki na maneno yote mawili.

Na jina lake la utani, Bongo, je? Linatokana na ubongo. Kuishi mjini kulihitaji akili, hasa katika miaka ya shida, na aliyeweza kuishi pale alistahili kuitwa mtu wa Bongo. Jina likavuka mipaka ya mji, likaifunika nchi nzima. Muziki ukawa Bongo Fleva, filamu zikawa za Kibongo, na mwaka 2003 Mtanzania aliyeko Marekani, Josiah Kibira, alitoa filamu iitwayo Bongoland kuhusu maisha ya wenzetu ughaibuni. Mtu wa Shelui sasa ni Mbongo, hata kama hajawahi kufika Kariakoo. Sijasikia analalamika.

Anacholalamikia ni neno jingine: "mkoani". Je, wajua kwamba Dar es Salaam nayo ni mkoa, na ina mkuu wa mkoa wake? Lakini mkaaji wa Dar akisema "amekuja kutoka mkoani" anamaanisha mahali popote ambapo si Dar, kuanzia Bukoba hadi Mtwara, na mara nyingi sauti inabeba kejeli kidogo. Mwanza yenye wakazi zaidi ya milioni moja ni mkoani. Dodoma, makao makuu ya nchi kwa uamuzi wa mwaka 1973 na jiji tangu 2018, nayo ni mkoani. Na Shelui? Shelui ni "huko mkoani, ndani kabisa". Nasema hivi kwa wasomaji wa Dar bila kuficha: neno hilo linaumiza, na linaumiza zaidi likisemwa kwa mtoto wa shule aliyehamia mjini.

Sasa haraka haraka, kabla basi halijaondoka.

Je, wajua kwamba Kariakoo ni kifupisho kilichosahaulika? Waingereza waliita kikosi chao cha wapagazi Waafrika katika Vita Kuu ya Kwanza Carrier Corps. Ulimi wetu ukaigeuza Kariakoo, na Nairobi wakapata Kariokor yao. Kisha daladala zikaikata tena: K/KOO. Jirani yake ubavuni mwa gari ni G/MBOTO, Gongo la Mboto.

Temeke ikawa TMK, na vijana wa muziki wa kizazi kipya wakaifanya TMK kuwa cheo.

Arusha ni A-Town, ni Arachuga, ni Chuga. Mwaka 2000 Rais Bill Clinton wa Marekani alipofika kushuhudia utiaji saini wa mkataba wa amani ya Burundi, likapata nguvu jina la Geneva ya Afrika. Hilo la Geneva utalikuta kwenye hotuba. La Chuga utalikuta kijiweni, na ndilo lenye wenyewe.

Morogoro ni Mji Kasoro Bahari. Sifa gani ingepita hiyo? Milima ipo, maji yapo, matunda yapo, kilichokosekana ni pwani tu.

Kigoma ni Mwisho wa Reli, tangu reli ya kati ilipofika pale mwaka 1914. Wenyeji wengine wanajibu kwamba ndipo reli inapoanzia. Wana haki. Treni huwa na ncha mbili.

Mwanza ni Rock City. Tanga ni Waja Leo Waondoka Leo. Mtwara ni Kuchele, kumekucha. Pemba, mabaharia wa Kiarabu waliiita Kisiwa cha Kijani, na ukiiona baada ya mvua za masika hutabisha.

Je, wajua kwamba mtu wa Moshi akikwambia "KIA" na tiketi yako ikisema "JRO" mnazungumzia kiwanja kimoja? KIA ni herufi za mwanzo za jina la Kiingereza la Kiwanja cha Kimataifa cha Kilimanjaro. JRO zimeokotwa kwenye mkia wa neno Kilimanjaro lenyewe.

Je, wajua kwamba Kagera iliitwa Ziwa Magharibi hadi mwaka 1979? Baada ya vita na Idi Amin mkoa ukapewa jina la mto wake.

Je, wajua kwamba Wasukuma wamepewa jina na dira? Sukuma ni kaskazini kwa lugha ya huko na ya Kinyamwezi, Dakama ni kusini. Kabila kubwa kuliko yote nchini linaitwa "watu wa kaskazini", na ukisimama Shelui ukatazama upande wa Wembere, unaelewa kabisa kwa nini majirani walitajana kwa kunyoosha kidole.

Huko huko Wembere wamo wafugaji ambao jina lao linahitaji tahadhari. Majirani wengi huwaita Mang'ati. Je, wajua kwamba hilo ni neno la Kimaasai, na maana yake ni adui? Wenyewe ni Wadatoga, na upande huu wa Iramba na Igunga hujulikana pia kama Wataturu. Mtoto anayeitwa Mang'ati darasani anaitwa adui kila asubuhi, na anayemwita hajui. Ukishajua, huna tena udhuru.

Sumbawanga nayo inatendewa hivyo. Jina kwa Kifipa linasimuliwa kuwa ni agizo: tupa uchawi wako. Yaani mji ulijitangaza kuwa mahali ambapo mgeni anauacha uchawi nje kabla ya kuingia. Nchi nzima ikaligeuza kinyume, na leo mtu wa Sumbawanga akijitambulisha tu hukutana na mzaha wa ungo na kuruka usiku. Jina la kuukataa uchawi likawa jina la kuusingizia mji. Sijui mji mwingine uliodhulumiwa na mzaha kiasi hicho.

Halafu kuna Tabata Dampo, jijini Dar es Salaam. Je, wajua kwamba mwaka 1988 wakazi wa Tabata, wakiongozwa na Joseph Kessy, walilishtaki Baraza la Jiji mahakamani kwa kumwaga taka mtaani kwao, moshi ukiwaziba pumzi watoto? Walishinda. Ni moja ya kesi zinazofundishwa hadi leo kwa wanafunzi wa sheria ya mazingira. Jaa likafungwa mwanzoni mwa miaka ya 1990. Taka ziliondoka, lakini konda bado anaita "Dampo! Dampo!" na watu wanashuka. Mahakama iliweza kuzuia malori ya taka. Jina halikuwa na hati ya kulizuia.

Upande wa visiwani, kijana anasema Zenji. Neno linarudi hadi kwa Waajemi, waliounganisha jina la watu weusi na neno la pwani wakapata Zangibar. Mzee wa Mji Mkongwe atasema Unguja. Jambo linalowakera Wapemba, na wamelisema mara nyingi, ni pale mgeni anaposema "Zanzibar" akimaanisha Unguja peke yake, kana kwamba Pemba ni kisiwa cha nchi nyingine. Na ng'ambo ya Mji Mkongwe, sehemu waliyokaa watu wengi zaidi iliitwa Ng'ambo tu, jina linalomweka msemaji upande wa pili. Wakazi wake hawakulikimbia. Wamelibeba hadi kwenye mipango ya jiji, na leo Ng'ambo inatajwa kama mahali penye historia yake.

Soweto pia ilianza hivyo. Ni kifupisho cha maneno ya Kiingereza ya ofisi ya Johannesburg, yenye maana ya vitongoji vya kusini magharibi, kilichopitishwa mwaka 1963. Watu wake wakakipa uhai ambao waliokiandika hawakuutarajia, na leo kuna Soweto Mbeya na kuna Soweto Moshi.

Je, wajua kwamba Uwanja wa Benjamin Mkapa, Dar es Salaam, watangazaji wa mpira wanauita Lupaso? Lupaso ni kijiji cha Masasi alikozaliwa Rais huyo. Uwanja ulipewa jina lake mwaka 2020 baada ya kifo chake, na mashabiki wa Simba wakaliongezea wimbo wao wa "Kwa Mkapa hatoki mtu". Kwa hiyo kila timu kubwa ya Afrika ikicheza pale, jina la kijiji kimoja cha kusini linasikika redioni hadi Shelui.

Singida nayo imefanya hivyo kwa njia yake. Uwanja wake wa mpira, uliojulikana kwa miaka mingi kama Namfua, sasa ni Liti. Liti ni mwanamke wa Kinyaturu anayesimuliwa kuwa aliwapinga Wajerumani, silaha yake ikiwa nyuki. Wapo wanaosema Namfua mpaka leo kwa mazoea, na hawana kosa. Lakini mtoto wa kike anayeuliza "Liti ni nani?" getini anapata jibu kubwa kuliko mchezo wenyewe. Wilaya ya Iramba haina budi kuuliza: Liti wetu ni nani, na jina lake liko kwenye jengo gani?

Kwa hiyo nina ombi kwa walimu wa Shelui. Nkonkilangi, Mtoa, Mgongo, Ntwike, Tulya, Kidaru: haya ni majina ya kwenu na ya jirani zenu, na kila moja lina maana ambayo bibi au babu fulani anaijua. Wapeni wanafunzi daftari. Waulize jina la kila kijito na kila kilima, kwa Kinilamba, kwa Kisukuma, kwa Kidatoga, na waandike nani aliyesema na mwaka gani. Kazi hiyo haihitaji mfadhili. Inahitaji ifanyike sasa, wakati wenye kujua bado wanakaa kivulini mchana.

Kwa makonda wa mabasi ya Mwanza na Kahama: mkiteremka mlima na kusimamisha gari, tamkeni jina la mji kabla ya jina la mlima.

Na wewe msafiri, ukifika uendako ukaulizwa umepita wapi, usiseme umepita Sekenke. Sema umepita Shelui.